Talaka ya Elfu Hamsini

Katika nyumba ya meya wa mji mdogo uitwao Pelican Town kuna kitabu kidogo. Mkulima aliyechoka na ndoa yake huingia humo kwa miguu yake mwenyewe, hukifungua, huulizwa kama ameamua kweli, na akikubali hutozwa 50,000 za fedha ya mji huo. Akijuta, ana nafasi ya kurudi kutengua neno lake kabla ya saa nne usiku wa siku hiyohiyo. Asiporudi, asubuhi inayofuata mwenzake hayupo. Vitu vyake vyote vimeondoka naye, na yeye mwenyewe amerudi alikokuwa akiishi kabla ya ndoa.

Haya ni mambo ya Stardew Valley, mchezo wa kilimo unaochezwa kwenye kompyuta na simu. Aliyeutunga ni Eric Barone wa Seattle, Marekani, ambaye kwa zaidi ya miaka minne aliandika programu, akachora picha na kutunga muziki peke yake mpaka mchezo ukatoka tarehe 26 Februari 2016. Mchezaji hurithi shamba la babu yake lililojaa magugu, akiwa na fedha 500 tu mfukoni. Hulima, hufuga, huvua samaki, na akitaka humchumbia mmoja wa vijana 12 wa mji ule, wanawake sita na wanaume sita. Talaka haikuwamo mwanzoni. Iliongezwa Oktoba ya mwaka huohuo. Kufikia mwisho wa 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa, na toleo la simu za Android, lililotoka 2019, ndilo lililoufikisha kwenye viganja vya watoto wetu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu aliye sekondari, ni mmoja wao. Jioni moja aliniuliza: "Mjomba, huyu mke alikuwa anamwagilia shamba na kulisha kuku. Mbona sasa anaondoka mikono mitupu?" Katika ukoo wetu mjomba ana fungu lake katika ng'ombe wa mpwa wake, kwa hiyo swali lile halikuwa la mchezo kwangu. Limenifanya nitazame jinsi tunavyoachana hapa Oli mjini Arua, kule Koboko na katika West Nile nzima ya Uganda, na neno langu naliweka mezani mapema: watu wakiachana, waachane hadharani, kazi ya kila mmoja ihesabiwe, na asitokee mtu wa kudai kwamba ile ndoa haikuwahi kuwapo. Mchezo huu umepatia jambo la kwanza na kukosea mawili yanayofuata. Sisi mara nyingi tunakosea yote matatu.

Nianze na alichopatia Barone. Katika mchezo wake kuingia kwenye ndoa kunagharimu shada la maua la 200, mkufu wa 5,000 unaonunuliwa kwa baharia mzee ufukweni siku ya mvua, na kupanua nyumba kwa 10,000 pamoja na mbao. Jumla ni 15,200. Kutoka kunagharimu 50,000, yaani zaidi ya mara tatu. Boga moja la kawaida sokoni kwao huleta 320, hivyo anayetaka talaka avune maboga 157 kwanza. Kwa mkulima anayeanza hiyo si fedha ndogo. Lazima awaze, na katika kuwaza huko wengine huahirisha. Kisha sharti la kwenda mwenyewe. Huwezi kumtuma ndugu yako kwa meya, wala kuandika ujumbe ukiwa kitandani. Na bei ni ileile kwa mume na kwa mke.

Hili la usawa wa bei lisipite haraka. Uganda iliishi karne nzima na Sheria ya Talaka ya 1904, iliyomruhusu mume kupata talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe peke yake, huku mke akitakiwa athibitishe uzinzi na juu yake kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Mwaka 2004 ndipo Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wanasheria wanawake, FIDA, ilipoondoa mizani hiyo miwili. Bibi zetu na mama zetu waliolewa na kuachwa chini yake.

Hata uchumba wa mchezo ule una adabu ya kuukata. Shada la maua unalotoa kumwambia mtu unampenda, ukilitia kwenye tanuri pamoja na makaa ya mawe, linatoka limenyauka. Unalichukua, unamfuata mwenzako alipo, unamkabidhi mkononi. Anaumia, anakwambia neno, na urafiki wenu unashuka bila kukatika kabisa. Vijana wa leo hapa mjini hawana hata shada la kunyausha. Mtu anazuiliwa namba kwenye simu, basi. Asubuhi alikuwa mchumba, jioni hajulikani, na atazungukia marafiki wiki nzima akiuliza amekosa nini. Nimewasikia wasichana wa Oli wakilalamikia ukimya huo kuliko wanavyolalamikia kuachwa kwenyewe, na nawaunga mkono. Mtu uliyemtamkia mapenzi kwa mdomo wako anastahili kuambiwa kwa mdomo huohuo kwamba yamekwisha.

Kwa watu wazima ukimya huo ni mzito zaidi. Mkoa wetu upo mipakani. Kongo iko karibu kiasi kwamba mtu huenda soko la Ariwara na kurudi kabla ya jua kuzama. Kutoka Koboko barabara ya Oraba inakuvusha hadi Kaya na kukufikisha Juba. Ni baraka ya biashara. Lakini pia ndiyo njia ambayo ndoa nyingi hupotelea. Mwanamume anakwenda kutafuta maisha, pesa zinakuja miezi ya mwanzo, kisha zinakuja kwa nadra, kisha haziji. Hakuna aliyesema talaka. Mke amebaki si mke wala si mtalaka. Hawezi kuolewa, hawezi kuuza kiwanja, hawezi hata kuomboleza. Na wazee wanakumbuka jingine: baada ya Idi Amin kuanguka 1979, na vita vilivyotufikia mwaka uliofuata, watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan kwa makundi. Mume akavuka huku, mke akavuka kule. Wengine walikutana tena miaka ya themanini wakirudi nyumbani, wengine kila mmoja akiwa tayari na watoto wengine. Wale sitawalaumu, kwa sababu ndoa zao zilivunjwa na bunduki. Ninayemlaumu ni mtu wa leo, mwenye simu mfukoni na basi la kila siku, anayemwacha mwenzake bila kumwambia.

Oli ni mtaa wa Waislamu wengi, Wanubi na wengineo, na kwao sura ya jambo hili ina mpangilio wake. Ukitamka talaka, mke anakaa edda, muda wa miezi mitatu hivi kwa mwanamke asiye mjamzito, na katika talaka rejea mume anaweza kumrudia kabla edda haijaisha. Barone amempa mkulima wake mpaka saa nne usiku tu kubadili mawazo. Sheria ya Kiislamu, karne nyingi kabla yake, ilitoa miezi, ikamtaka mume ampe mkewe makazi na matumizi muda wote huo. Surat al-Baqara, katika aya ya 229, inaagiza kwamba mke akae kwa wema au aachwe kwa ihsani, kisha inamkataza mume kumnyang'anya alichompa. Surat an-Nisaa, aya ya 20, inakwenda mbele zaidi: hata kama ulimpa lundo la mali, usichukue humo kitu. Mlango uliobaki ni khului, pale mke mwenyewe anapotaka kutoka na akajikomboa kwa kurudisha mahari. Na mahari yenyewe ni mali yake, si ya baba yake. Alilipwa yeye.

Najua mashehe wa Arua wanayafundisha haya. Najua pia kwamba katika nyumba nyingi za Kiislamu za mkoa huu nikahi hufungwa kwa mahari ndogo ya kutajwa, halafu pembeni yake hutembea ng'ombe na mbuzi wa kimila, na ndoa ikivunjika kinachodaiwa ni wale ng'ombe. Mtu anasali sala tano, lakini siku ya kuachana anashika kanuni ya zizi badala ya kanuni ya Kitabu chake. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Walugbara na Wakakwa, kama makabila mengi ya kaskazini mwa Uganda, huunganisha koo mbili kwa mifugo. Zamani hata mishale na majembe ya chuma yalikuwamo. Sidharau desturi hii. Ng'ombe wanaoingia zizini kwa bibi arusi ndio watakaomwezesha kaka yake kuoa, na kwa njia hiyo ndoa moja hushikilia nyingine. Wanaopeleka wanatoa heshima, wanaopokea wanaikiri, na mtoto atakayezaliwa anajua koo zake mbili kwa majina. Hakuna kitu cha namna hiyo katika Pelican Town. Mkulima anamuoa Penny, mmoja wa wale wasichana sita, bila kumwambia lolote la maana mama yake, Pam, anayeishi naye kwenye kijumba kimoja, na ndoa ikivunjika Penny anarudi kwa mama yake bila kikao chochote. Mlugbara yeyote angeuona huo kuwa upweke mkubwa. Ndoa ya watu wawili tu haina wa kuiamua inapogombana.

Lakini desturi hii ilibeba ndani yake sumu moja: ndoa ikivunjika, ng'ombe warudi. Fikiri maana yake kwa mwanamke anayepigwa. Anakimbilia kwa baba yake usiku, na baba anampokea, lakini kichwani mwa baba kuna hesabu. Wale ng'ombe wameshakwenda. Kaka yake ameoa nao. Wengine wamekufa, mmoja ameuzwa kulipa hospitali. Akikubali binti abaki, kesho wakwe watakuja na orodha. Basi asubuhi anamshauri binti arudi, avumilie, afikirie watoto. Sijui msomaji yeyote wa West Nile ambaye hajapata kusikia ushauri huo ukitolewa, na aliyeutoa mara nyingi hakuwa baba mbaya. Alikuwa mtu mwenye deni.

Shirika la MIFUMI, lililoanzia Tororo, lilipeleka suala hili mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2007. Lilishindwa 2010. Likakata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikatoa hukumu ambayo ilipaswa kusomwa katika kila baraza la kijiji. Mahari ya kimila yenyewe mahakama haikuifuta. Watu wanaweza kuendelea kuitoa. Ilichofuta ni desturi ya kudai irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika. Jaji Jotham Tumwesigye, aliyeandika hukumu ya msingi, alieleza kwamba kudai mahari irudi kunamfanya mwanamke aonekane kama alikuwa kitu cha mkopo, na kunapuuza yote aliyoyachangia nyumbani hadi siku ya kuachana. Katiba ya 1995, katika ibara ya 31, inampa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Mwanamke ambaye hawezi kutoka mpaka ndugu zake wapate ng'ombe hana haki sawa na mwanamume anayeweza kutoka wakati wowote.

Sasa nirudi kwenye mchezo, kwa sababu una mahali pamoja pa kutisha panaponifafanulia hukumu hii kuliko kitabu cha sheria. Mchezaji aliyefika mbali hupata njia ya kuingia kibanda cha mchawi kilichofichika kwenye kinamasi. Ndani mna madhabahu za giza. Moja, ukitoa 30,000, inafuta kumbukumbu za wote uliowahi kuwataliki. Yule aliyekuwa mkeo, ambaye tangu talaka hakutaka zawadi yako wala mazungumzo yako, kesho anakusalimu kama mgeni. Hakumbuki harusi. Hakumbuki asubuhi alizomwagilia mboga zako na kukupikia. Ukitaka, unaweza kumchumbia upya tangu mwanzo. Madhabahu nyingine, ukitoa jiwe adimu la rangi zote, inageuza watoto wenu kuwa njiwa, wakaruka na kwenda zao.

Kudai ng'ombe warudi ni madhabahu ileile. Maana ya kurudisha kilichotolewa, kichwa kwa kichwa, ni kusema tumerudi pale tulipokuwa kabla ya harusi: zizi lako limejaa kama zamani, na binti yangu yuko kwangu kama zamani. Ila si kama zamani. Amelima misimu kumi ya simsim na muhogo. Amezaa. Amemuuguza mama mkwe mpaka akamzika. Mgongo wake haukuwa hivi alipoingia. Miaka hiyo haina zizi la kurudia. Ng'ombe wakirudi, kitu pekee kinachopatikana ni kwamba mwanamume anafidiwa kwa ndoa ambayo naye alifaidika nayo, na mwanamke anaambiwa kwamba kazi yake yote ilikuwa bure.

Na watoto? Kwa mila zetu nyingi, ng'ombe hupunguzwa kulingana na watoto waliozaliwa, kwa kuwa watoto wanabaki ukoo wa baba. Wazee wanaliona hilo kuwa uungwana wa desturi, na kwa hesabu zao lilikuwa uungwana. Mimi naona kwamba linamweka mtoto kwenye mizani moja na ndama. Mtoto aliyesikia wajomba na baba zake wadogo wakibishana kwamba yeye ni ng'ombe wangapi hatalisahau neno hilo hata akizeeka. Njiwa wa mchezo angalau waliruka bila kusikia.

Swali la mpwa wangu bado halijajibiwa. Ile 50,000 inayolipwa kwenye kitabu cha meya haimfikii mke hata senti. Aliyemwagilia mazao yako, akalisha wanyama, akatengeneza ua lililoanguka, anatoka kama alivyoingia, na shamba lote ni la mchezaji. Kwa sababu mchezo unamfuata mkulima mmoja tu, mwenzake amefanywa msaidizi. Nalisema hili nikijua jambo moja juu ya Barone mwenyewe: katika miaka ile aliyokuwa akiutengeneza mchezo bila mshahara, akipata pesa kidogo kwa kazi ya muda ya kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho, mpenzi wake ndiye aliyekuwa akibeba sehemu kubwa ya gharama za maisha yao. Bila kazi ya mwanamke yule pengine hata mchezo wenyewe usingekuwapo. Laiti kitabu cha meya kingekuwa na ukurasa wa kuandika kazi ya namna hiyo.

Mahakama zetu zimeanza kuuandika. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa peke yake haigeuzi kila mali kuwa ya wote wawili, lakini mchango wa mwenzi katika mali unahesabiwa hata kama haukuwa wa fedha. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ikalifafanua zaidi: hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, kila mmoja anapata kwa kadiri ya mchango wake, na kazi ya nyumbani isiyolipwa, kupika, kulea, kutunza wagonjwa, ni mchango wenye thamani. Wapo wanawake waliosikitika kwamba nusu haikutajwa. Nawaelewa. Hata hivyo, kwa mwanamke wa kijijini Koboko ambaye hana risiti hata moja yenye jina lake, kutamkwa mahakamani kwamba kuni alizobeba zina thamani ni mlango uliofunguka. Tatizo ni kwamba mlango huo uko kwenye mahakama za mjini, huku ndoa za vijijini zinavunjikia mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji.

Wazee watanijibu, na baadhi yao wameshanijibu uso kwa uso. Wanasema ng'ombe wasiporudi, binti atahama kila akinuniwa, na baba mwenye tamaa ataoza binti mmoja mara tatu. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Wapo baba wa namna hiyo, na jina lao linajulikana kijijini, na hakuna atakayepeleka posa kwao mara ya pili. Hoja ya kwanza naikataa kabisa. Ndoa inayosimama kwa sababu tu baba mkwe hana ng'ombe wa kurudisha haijasimama. Na kama shida ni watu kuachana kwa pupa, dawa yake ni subira ya kikao, ni edda, ni kuwaita pande zote mbili mara mbili na mara tatu, ni kitabu kama kile cha meya, kinachokutaka uje mwenyewe, nawe useme mbele ya watu. Subira inawabana wote wawili. Deni la ng'ombe linambana mmoja.

Wengine watasema nimeupa mchezo wa simu uzito usiostahili. Lakini watoto wetu wanatumia saa nyingi zaidi mikononi mwa michezo hii kuliko kwenye baraza la wazee, na humo wanajifunza kuchumbia, kuoa na kuacha kabla hatujawaambia neno. Mchezo wa aina hii haukuanza jana. Mjapani Yasuhiro Wada alitoa wa kwanza wa jadi hii, Harvest Moon, mwaka 1996, na Barone alikua akiucheza. Kuna kizazi kizima duniani ambacho mara ya kwanza kufikiria ndoa na shamba kilifikiria kupitia kioo. Mimi sitaki kuwanyang'anya simu. Nataka wakituuliza kama alivyouliza mpwa wangu, tuwe na jibu la kueleweka, na jibu hilo walione likitendeka nyumbani kwao.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa LC1 wa Oli, wa Ayivu na wa Koboko. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 imewapa mamlaka ya kusikiliza mashauri ya kimila, na watu wanawaamini kuliko wakili yeyote. Akija mtu na orodha ya ng'ombe anaodai warudi, msimpangie siku ya kusikilizwa. Mwambieni kwamba Mahakama ya Juu ilishalifunga hilo. Badala yake fungueni daftari: andikeni tarehe waliyoachana, nani alikuwapo, watoto watalala wapi na nani atawalipia ada, na ni nini mwanamke alikifanya na kukijenga katika nyumba ile. Mashehe wetu, wasomeeni watu aya zile mbili za al-Baqara na an-Nisaa siku ya nikahi, familia zote mbili zikiwa zimekaa, pasisubiriwe siku ya ugomvi. Mapadri na wachungaji nanyi mnajua ni binti gani katika usharika wenu anarudishwa kwa mumewe kwa sababu ya ng'ombe.

Na wewe baba au kaka ambaye binti amerudi nyumbani usiku na bado unahesabu kichwani: deni hilo halipo. Lilifutwa tarehe 6 Agosti 2015. Mfungulie mlango akae.